Jina la wifi linamtangaza mume ninayemficha

Admin, weka kisa changu lakini nifiche. Sema nakaa Majengo, ila mtaa wenyewe ni mwingine, na jina la wifi nimelibadilisha, maana mimi si mjinga kama nitakayemtaja. Nina miaka 38, mama wa watoto watatu hapa Goma, na nimeolewa na cheo. Mwanaume aliyekuja nacho ni nyongeza tu.

Mume wangu alikuwa direktere, yaani mkurugenzi, wa ofisi ya serikali. Siku volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tukakimbilia mji wa Sake, mimi nilibeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Yeye alikumbatia boksi lake la wifi. Boksi hilo amelipa jina la Direktere Privé, yaani la mkurugenzi peke yake, ili kila simu inayotafuta mtandao barabarani isome kwamba mkubwa anakaa hapa. Neno la siri hajawahi kumpa jirani yeyote. Akisafiri, analizima na kulifungia kabatini ili hata sisi tusilitumie.

Waasi walipoingia mjini, wakaanza kuwatafuta wakubwa wa serikali nyumba kwa nyumba. Mume wangu akajificha chumba cha nyuma. Mimi nikawaambia majirani amepanda boti kwenda Bukavu, nikalia kidogo, wakaniamini. Intaneti ya nyumbani ilikatika, lakini umeme wa sola tulikuwa nao, na bwana mkubwa hawezi kujificha bila filamu. Akawasha boksi ili filamu zitoke kwenye kompyuta ziende kwenye televisheni.

Jirani yangu anayeuza samaki soko la Kituku akaniletea sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Akaninong'oneza: "Mama, ulisemaka papa alienda Bukavu. Mbona wifi yake ingali inaonekana mu telefone yangu? Akisafiri, anaizimaka."

Nikaingia chumba cha nyuma. Nilipomweleza mume wangu, alicheka. Akasema intaneti imekatika, kwa hiyo hakuna kinachotoka nje. Kisha akaongeza: "Na iko na mot de passe. Nani ataingia?"

Huyo ana diploma mbili ukutani. Nikamweleza kwamba boksi likiwashwa linatangaza jina lake hata kama intaneti hakuna, na neno la siri halimzuii mtu kusoma jina hilo. "Papa, hawana lazima ya kuingia," nikamwambia. "Wanasoma tu, wanajua nyumba."

Hakusikia. Alipokuwa anaoga, nikaligeuza boksi. Maneno ya siri yalikuwa yale ya kiwandani, yamebandikwa chini, hajawahi kuyabadilisha. Sijui privé gani hiyo. Nikaingia kwenye mipangilio kwa simu, nikalifuta jina, nikaweka herufi na tarakimu zisizo na maana. Alipogundua, alisema nimemfuta. Watoto hakuwataja. Akarudisha cheo chake, akaweka maneno mapya ya siri, jambo nililomwomba miaka yote, na sasa analala na boksi kando ya kichwa.

Wiki hii waasi wamebisha kwa jirani wa pili. Watoto wangu nimewafundisha kusema baba yuko Bukavu, na mdogo anadanganya vizuri kuliko wote. Hilo linaniumiza. Nikilivunja boksi, atapiga kelele, na sauti yake mtaa mzima unaijua. Nikienda na watoto kwa mama yangu, hakuna atakayebaki mlangoni kumdanganyia.

Nishaurini, ndugu zangu. Niendelee kusimama mlangoni na kusema hayupo, huku boksi lake linasema yupo? Au nichukue watoto wangu, nimwachie Direktere cheo chake afungue mlango mwenyewe?