Sumu ya Daraja la Kwanza

Bosi wangu alikuwa mnunuzi wa kahawa kabla hajafungua kiwanda chake kidogo cha vanishi pale Mbinga, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu aliyemaliza ujana wake akichambua kahawa ya Maguu na Litembo, hii ya juu, hii ya chini, hii warudishie wenyewe, humwambii kwamba duniani kuna kitu ambacho daraja la kwanza ndilo baya. Atakucheka. Mimi alinicheka mbele ya wafanyakazi wote.

Nilikuwa nimetoka Songea kwenye mafunzo ya usalama wa kemikali. Nilipelekwa kwa sababu mimi ndiye mtunza stoo, na kwa sababu wanaume wote wa kiwandani ghafla walikuwa na wagonjwa wa kuuguza. Tulikaa ukumbini tukila maandazi na kutazama picha za watu waliobabuka ngozi. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye tai ndefu na sauti ya mhubiri wa stendi, lakini sitamsema vibaya, alijua kazi yake. Alitufundisha kwamba kemikali haiainishwi kwa mkupuo. Kila hatari yake inapimwa peke yake na kupewa daraja lake, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mambo yanavyokuwa mabaya.

Chukua methanoli, ambayo sisi tunazimulia vanishi. Kwa kuwaka moto, iko daraja la pili. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto kumi na moja hivi, yaani asubuhi ya Juni kule kwetu Litembo, wakati binadamu amevaa sweta mbili na meno bado yanagongana, methanoli imeshaamka inatafuta njiti. Kwa sumu, ukiinywa, ukiivuta au ikikugusa ngozi, iko daraja la tatu. Kwa kuharibu viungo vya mwili, na hapo kiungo chenyewe ni macho, iko daraja la kwanza. Na kwa harufu na sura imefanana na pombe kali, ndiyo maana inaua watu wenye akili zao.

Mkufunzi akasema aliyeinywa anaweza kushinda siku nzima akidhani ana mning'inio tu. Kisha anaanza kuona weupe, kama mtu aliyesimama katikati ya theluji. Ukumbi mzima ukainama ukaandika "theluji," ingawa theluji pekee tuliyowahi kuiona ni ile ya kwenye friji za baa. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimemkumbuka mume wa shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, ni Mmatengo wa Litembo aliyeolewa chini, Nyasa, maeneo ya Mbamba Bay. Alishuka na Ukatoliki wake akakuta ukoo mzima ni Waanglikana, akahama dhehebu bila kuhama tabia. Ni mama wa kanisa anayeheshimika, na nyuma ya nyumba yake anapika gongo ambayo hata wanaokuja kuikamata huondoka wakiisifia. Mume wake, ambaye sisi tunamwita mjomba, alikuwa mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwani.

Mimi nikiwa bado sekondari, sikukuu moja ya Krismasi, mjomba alipewa chupa ya kitu walichokiita spiriti na mafundi wa lori lililoharibika njiani. Akajificha akainywa peke yake, kwa uchoyo. Kesho yake asubuhi alitoka nje akapiga kelele kwamba kungu wamekuja. Kungu ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda hewani wengi mno, mpaka unadhani ziwa linafuka moshi. Watu hukimbia na vikapu, huwanasa, huwafinyanga mikate wakawala. Basi mtaa mzima ukatoka na vikapu. Anga lilikuwa safi kabisa, hata milima ya Malawi ilionekana. Mjomba amesimama ufukweni anaonyesha kwa kidole kungu ambao hawapo. Jioni yake hakuona kitu, na mpaka leo haoni.

Shangazi hakuhitaji daktari wa kumweleza sababu. Jirani yao, mjane mmoja, alikuwa amegombana nao juu ya mpaka wa shamba la mihogo, na kwa shangazi hiyo ilitosha. Akamtangaza mchawi. Tangu hapo hakumsalimia, hakumwalika kwenye harusi wala kumpokea kwenye msiba, na kwa kuwa shangazi ana sauti, na wengine wakafuata. Kanisani yule mama aliachiwa benchi zima akae peke yake. Nyumba zenyewe zimekaribiana kiasi kwamba ukikohoa huku, kule wanajua ni nani na kikohozi kina siku ngapi.

Nilirudi kutoka Songea na jambo hilo kifuani na sikujua nilitolee wapi. Shangazi si mtu wa kumpigia simu ukamwambia, shikamoo shangazi, mume wako hakulogwa, alilewa. Nikajiambia nitasubiri kwanza binti yake wa mwisho aolewe, kwa maana harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile, halafu nitashuka nimweleze taratibu.

Nikaanza kazi ya kuweka alama kiwandani. Nilichora mwenyewe: mwali wa moto, fuvu na mifupa yake miwili, na yule mtu mwenye nyota iliyopasuka kifuani, alama ya kuharibu viungo. Fuvu langu, Mungu anisamehe, lilifanana sana na bosi. Wapaka rangi walikuja kulitazama kwa zamu, wakatoka stoo wamejiziba midomo.

Bosi mwenyewe akaja, hakujitambua. Akasoma kwa sauti. "Kuharibu macho, daraja la kwanza! Umeona? Hata mzigo wetu ni wa kwanza."

"Bosi, hapo ndipo pabaya kuliko pote."

Ndipo aliponicheka. Nilipofungua karatasi ya usalama ya methanoli nikamwonyesha mstari kwa mstari, kicheko kikakata. Akataka tushushe daraja. "Tuandike daraja la nne basi. Au andika hatari kidogo. Wakaguzi wanakuja Jumatatu, unataka wanifungie?"

Nikamwambia sumu si kahawa, hatupangi sisi. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, maana nilikuwa namwona mjomba na kidole chake angani. Bosi akaondoka amenuna. Nikamaliza kubandika mapipa yote, na mwisho nikabandika dumu moja la njano lililokuwa na masalia ya methanoli, halina hata karatasi za kulitambulisha.

Ijumaa asubuhi dumu halikuwepo. Bosi alikuwa amepata suluhisho lake: kisichokuwepo hakikaguliwi. Alimwambia dereva akalimwage mbali. Sasa huyu dereva ni shemeji wa shangazi, na ni mtu asiyeweza kumwaga kitu chenye harufu ile, moyo haumruhusu. Nilipombana alijibu kwa fahari kabisa.

"Dada, mimi nitamwaga vipi mali? Nilikuwa nashuka na mzigo jana, nikampelekea shemeji. Si wana harusi kesho? Akaongezee kwenye yake."

Nilipiga simu ya shangazi, haipatikani. Nikapiga ya bibi harusi, inaita tu, nadhani alikuwa anasukwa. Nikamwambia dereva awashe pikapu, na sikumwomba bosi ruhusa. Njia nzima ya kuteremka Nyasa nilimtukana yule dereva, kwenye kila kona, na ile barabara kona haziishi. Ziwa lilipotokeza kule chini, la buluu na limetulia, nikaanza kulia kwa hasira. Niliwaona wageni wote wa harusi wamesimama ufukweni Jumapili asubuhi, wanaonyesha kungu.

Tulimkuta shangazi uani, kwenye jua kali la saa nane, amezungukwa na masufuria ya harusi. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake kivulini. Dumu langu la njano lilikuwa pembeni ya mtungi wa gongo, limefunguliwa kifuniko, na fuvu la bosi linanitazama.

"Shikamoo shangazi. Umemimina? Umeonja? Nani amekunywa?"

"Marahaba. Ndiyo salamu za huko Mbinga siku hizi?"

"Shangazi, nani amekunywa!"

"Hakuna aliyekunywa maji yenu," akasema, amekasirika. "Na shemeji yangu huyu nilikuwa namsubiri, amenitia aibu. Nimeona hiyo picha, nikasema sawa, mzigo wa misheni. Fuvu si lile la chini ya msalaba? Na moto wa Pentekoste. Nikajua imetoka kwa mapadre, hao hawatengenezi kitu dhaifu. Kumbe maji!"

Alivyojua kwamba ni maji ni hivi. Kwa wapishi wa gongo wa mwambao ule, pombe haimwagwi kwenye mtungi kabla haijaulizwa kwa moto. Unaitia kwenye kijiko, unawasha njiti. Ikitoa mwali wa buluu, imeiva. Isipowaka, unamrudishia mwenyewe na maneno juu. Shangazi alimimina kijiko, akawasha, akatazama. Hakuna mwali. Akawasha tena. Hakuna. Akagusa kijiko kwa kidole, kikamuunguza, na upindo wa kitenge chake ukaanza kunuka kuungua. Akanionyesha kidole alichokifunga kitambaa.

"Maji haya yana jini. Yanachoma na moto haupo."

"Moto upo, shangazi. Hauonekani juani. Hii inawaka bila kuonyesha."

"Kwani mimi kipofu?" Akachukua kijiko na kiberiti anithibitishie, hatua moja kutoka kwenye dumu lililo wazi. Sijui niliruka vipi. Nilimpokonya kiberiti nikakitupa kwenye beseni la mchele, nikafunga kifuniko, nikalivuta dumu mpaka kwenye mwembe wa mpakani, huku shangazi akiniuliza kama na mimi nimeanza kunywa. Nilirudi nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Watu wote wale walikuwa wamepona kwa sababu pombe ya sumu ilishindwa kumridhisha mama mmoja mwenye kiburi na kazi yake.

Shangazi alishauri tuimwage ziwani yaishe. Nikamwambia samaki hawakumkosea mtu, dumu linarudi Mbinga na Jumatatu wakaguzi watalikuta limekaa mbele kabisa. Dereva akalipakia bila kunitazama usoni.

Halafu shangazi akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akaanza kuchambua mchele akitafuta kiberiti. Aliuliza kama mtu anayepitisha muda tu.

"Sasa mtu akiinywa hiyo, anafanywa nini?"

Nilikuwa nimepanga kungoja harusi ipite. Lakini ameniuliza, na mjomba alikuwa pale, na mimi ni mtu ninayejua kuchelewesha mambo yangu, si ya wengine.

"Siku ya kwanza kichwa tu. Kesho yake anaona weupe."

"Weupe gani?"

Theluji isingetusaidia. "Kama kungu, shangazi. Anaona kungu wamejaa kila mahali, na hawapo. Halafu haoni tena."

Mikono yake ikasimama ndani ya mchele. Alinitazama, akamtazama mume wake, akatazama tena ile pikapu yenye dumu. Niliona uso wake unazeeka nikiwa nautazama, na nilitamani kuyarudisha maneno yangu mdomoni.

Aliyeongea ni mjomba. "Wale mafundi wa lori," akasema. Kisha akacheka kidogo, peke yake. "Kwa hiyo nililogwa na chupa. Na nilikunywa kwa kujificha, ningewapa wenzangu tungekuwa kwaya ya vipofu."

Hakuna aliyecheka naye. Akageuza uso upande wa nyumba ya jirani, kama vile anaiona. "Mama yule bado yupo pale?"

"Ataenda wapi," shangazi akajibu.

Akainuka. Akakung'uta kitenge kilichoungua upindo, akavaa kingine juu yake, kile cha harusi alichokuwa amekitunza kwa ajili ya kesho. Akachukua kadi moja ya mwaliko kwenye zile zilizobaki, akaigeuza upande wa nyuma, akairudisha. Akatoka hivyo hivyo mikono mitupu, akapita chini ya mwembe, akavuka ule mpaka wa mihogo ambao hakuwahi kuukanyaga tangu mume wake apofuke.

Tulimsikia akipiga hodi. Akapiga tena, taratibu, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Nani?" yule mama akauliza kutoka ndani.

Nyumba hadi nyumba ni hatua chache, na mtaa mzima unaijua sauti ya shangazi yangu. Alisimama pale mlangoni, akafungua mdomo, akashindwa kujitaja.