Maboya Mlimani

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Ratiba amepanga ratiba za treni katika ofisi ya stesheni yenye dirisha moja linalotazama reli. Jina hilo alibandikwa na makarani wenzake, likamfuata hadi nyumbani. Hata kwenye harusi ya shemeji yake, watu waliotaka kujua shughuli inaanza saa ngapi walimuuliza yeye, wakamwacha bwana harusi.

Kwa hiyo binti yake mkubwa, mwanafunzi wa chuo, alipotaka familia ifungue blogu ya safari zao, hakutafuta mwandishi mbali.

"Baba, daftari la safari unalo wewe. Saa, vituo, mpaka idadi ya chupa za maji."

"Mimi naandika ratiba, mwanangu. Porojo waachie wenye nafasi."

"Tuanze na ile ya milimani," mdogo wake akadakia. "Hakuna safari tamu kama ile!"

Ghafla Mzee Ratiba akakumbuka kwamba bomba la bafuni linavuja, akaenda kulitazama. Halikuwa linavuja.

Alikwepa hivyo kwa wiki tano, akisingizia kazi. Ukweli ni kwamba safari ya milimani hakuna aliyeipanga. Miaka mitatu nyuma aliwaahidi ziwa. Wiki ile stesheni ilikuwa ikikarabatiwa, treni mbili zikabadilishana majukwaa, na tangazo la mabadiliko aliliandika yeye. Kwa kuwa aliliandika yeye, hakuona haja ya kulisoma. Asubuhi ya safari akawaongoza wote, mama mkwe akiwa mbele, mpaka jukwaa alilolizoea. Mganga hajigangi. Walisafiri kwa pasi ya mfanyakazi, hivyo mkaguzi wa tiketi alimsalimu tu, akapita.

Alishtuka treni ilipoanza kupanda. Akameza mate, akawageukia na tabasamu pana.

"Mmeshtuka, eh? Ziwa lilikuwa danganya toto!"

Wakashuka milimani na kandambili zao, meno yakigongana. Watoto wakakalia maboya ya kuogelea, wakateleza kwenye mteremko wa nyasi mpaka kaptura zikawa za kijani.

Sasa aandike nini? Akirudia uongo ule, makarani, wanaojua majukwaa yalibadilishwa wiki ile, wangeusoma na kumkumbusha lile tangazo. Akisema kweli, wanawe wangejua kwamba baba aliyezoea kuwagombeza kwa kuchelewa dakika mbili aliwapandisha treni isiyo yao. La makarani angelivumilia. La wanawe lilimkosesha raha.

Jumamosi ya wiki ya sita, vyombo vya mchana vikiwa bado mezani, binti aliweka kompyuta mbele yake, akakunja mikono. Hakuna bomba lililovuja. Mzee Ratiba akaandika kwa vidole viwili. Aya ya kwanza ilitoka kama taarifa ya ajali, akaifuta. Ya pili ilianza hivi: "Nilikosea jukwaa." Akamaliza, akawaita wote, akawasomea bila kuinua macho.

Mkewe akaangua kicheko.

"Baba watoto, ulifungasha maboya manne! Nani anapanga kwenda mlimani na maboya?"

"Kumbe mlijua?"

"Mimi nilijua ulipomeza mate."

"Na sisi bibi alituambia humohumo kwenye treni," akasema mdogo. "Alisema, 'Mwacheni baba yenu, anajikaza.'"

"Miaka mitatu mnaninyamazia!"

"Tangu siku ile umekuwa mpole," mkewe akasema, akifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga. "Tukaona ukishatubu, ukali utarudi."

Mzee Ratiba akaegemea kiti, mabega yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia la mahindi alilolibeba njia nzima, kumbe hakuna aliyemtuma. Akajaribu kununa, akashindwa, kicheko kikamponyoka. Akabonyeza kitufe cha kuchapisha yeye mwenyewe, kabla binti hajamwelekeza.

Maoni ya kwanza yaliingia kabla meza haijafutwa. Yalitoka kwa mama mkwe, anayeishi mtaa wa pili, kwa herufi kubwa tupu:

"MKWE, ZIWANI TUNAENDA LINI? SAFARI HII JUKWAA NACHAGUA MIMI."

Akamjibu kwa kidole kimoja: "Sawa, mama. Na maboya utabeba wewe."