Mpira wa Ekseli

Nikisikia harufu ya grisi, namwona mama amelala chini ya pikapu yetu, uani kwetu Burat. Barabara ya Garbatulla ilikuwa imepasua mpira unaofunika kiungo cha ekseli, na siku hiyo gari lilitakiwa kukaguliwa. Kama lisingepita ukaguzi, nyanya tulizokuwa tukibeba kutoka Rapsu zingeozea shambani.

"Jaza grisi, usiogope kuchafuka," aliniambia. Niliisukuma ndani kwa vidole, nzito na baridi, naye akavuta mpira mpya juu yake, akaukaza kwa mkanda wa chuma.

Kwenye kituo cha ukaguzi, mkaguzi aliinama, akamulika tochi nyuma ya gurudumu. "Nani amefunga hii?"

"Mimi na binti yangu," mama akasema.

"Mmefunga vizuri. Imepita."

Tulirudi mama akiimba kwa sauti kubwa, na hakunawa mikono mpaka majirani wote wakaiona.