Namba Iliyokuwa Karantini

Nilisoma mpaka darasa la nne, vita ikamaliza shule. Kwa hiyo wanaonijua hucheka nikisema niliwahi kusaidia kutafsiri Kiswidi kwenda Kiingereza. Kiingereza chenyewe sikijui.

Mwenye kazi alikuwa dada mmoja Mkenya wa kanisani kwetu Spånga, hapa Sweden. Alikuja huku kusoma, akabaki, akapata kazi ofisini Sundbyberg: kuyaandika kwa Kiingereza maneno ya biashara ya simu na intaneti ambayo Waswidi wameyazoea. Jumapili baada ya ibada, wengine wakinywa kahawa, yeye hufungua kompyuta na kuniita.

"Kaka, njoo. Hili neno likimshika mtu, anafanywa nini?"

Ndivyo alivyofanya kazi. Kamusi alikuwa nayo, lakini alisema kamusi haijawahi kukatiwa simu. Mimi nimekatiwa. Kuna *bindningstid*, muda ambao mteja haruhusiwi kuihama kampuni. Nilimweleza nilivyoomba kutoka nikaambiwa ningoje mwaka mzima. Akaandika, akicheka.

"Wewe ni profesa wa kuumizwa."

"Na mshahara wa profesa uko wapi?"

"Si hiyo kahawa unakunywa!"

Jumapili moja sikucheka, akataka kujua kwa nini. Nikamwambia, na wahusika nikawataja. Wa kwanza ni yule mwanakwaya wetu wa sauti ya besi, aliyekuwa akiuza laini za simu. Alisema nitie sahihi tu, namba yangu ya zamani itahamia kampuni mpya. Haikuhamia. Nilipewa namba mpya, ya zamani ikafungwa, na yeye akaendelea kuimba. Wa pili ni karani wa ile kampuni ya zamani. Nilipopiga alinijibu, "Imekwisha," akakata. Wa tatu ni mimi, niliyetia sahihi bila kusoma.

Ile ilikuwa namba yangu ya kwanza Sweden. Mdogo wangu wa kike, akiwa bado katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nilimsomea kwa simu mpaka akaikariri. Baadaye wakarudishwa Burundi, simu yake ikanyamaza, na hakuna aliyejua alikoelekea. Miaka yote niliilinda namba ile, maana hana nyingine ya kunipatia.

Dada hakunipa pole. Aliteremka kwenye orodha yake mpaka neno ambalo alikuwa hajalifikia. *Karantän*. Hata mimi nilisikia: karantini.

"Namba ikifungwa, haipewi mtu mwingine hapo hapo," alisema. "Inawekwa pembeni kwanza, miezi kadhaa. Yako ilifungwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Sasa nani amekwambia imekufa? Iko karantini, kaka. Haijazikwa."

Kesho yake nilitoka Märsta kwenye kazi yangu ya usafi, nikapanda treni, nikamkuta ofisini wakati wa chakula cha mchana. Aliipigia ile kampuni ya zamani, akaweka sauti nje. Karani akaanza na *tyvärr*, ile "kwa bahati mbaya" yao ninayoichukia. Dada alimwacha amalize, kisha akamrudishia maneno ya kampuni yake mwenyewe, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayepanga sahani mezani. Karani akaomba tusubiri. Aliporudi, hakusema tena *tyvärr*.

Kadi yenye namba yangu ya zamani ilikuja kwa posta wiki ile ile. Nikaitia kwenye simu yangu ya zamani ya vitufe. Jumapili iliita mfukoni, nikaruka nusura nimwage kahawa.

"Pokea basi, kaka!" Alikuwa yeye, ng'ambo ya meza, simu sikioni.

"Alo," nikasema, nikimtazama usoni.

"Nilikuwa najaribu tu."

Yule wa besi sijamsamehe, na anajua. Lakini dada yule namwombea kila siku, hata nikisahau kujiombea mwenyewe. Mdogo wangu hajapiga bado. Akipiga, itaita.