Kengele ya Ekal

Juzi binamu yangu Ekal alinitumia picha akiendesha baiskeli kwenye barabara tulivu ya kisiwa cha volkano, milima pande zote. Nilimjibu "Hongera," nikazima simu.

Hata utotoni Lodwar, mwenye baiskeli alikuwa yeye. Aliifungia kengele ya ng'ombe na kuiimbia, kama wanaume wetu wanavyomwimbia maksai kipenzi. Alasiri moja, mchanga ukinuka jua, niliiiba kengele ile nikaifukia. Niliamini bila kengele baiskeli ingetangatanga na kumpotea, kama maksai.

Ekal alinijia akicheka. "Kengele imepotea, lakini mdomo yako si iko? Panda nyuma, piga kelele watu watupishe!"

Nilipiga kelele hadi mtoni, kwa furaha ambayo sijamsamehe bado.