Kadi ya Njano ya Bi Alhamisi

Mtaani walimwita Bi Alhamisi. Alikuwa fundi cherehani, na mafundi tunawajua: ukienda kuchukua suruali yako unaambiwa kesho, na kesho yenyewe haina mwisho. Yeye nguo aliyoiahidi Alhamisi ilitoka Alhamisi, imepigwa pasi, vifungo vyote vipo. Kwa miaka ishirini na sita alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani dirishani, meza ya kukatia ukutani, na hakuna mteja aliyewahi kuambiwa "pitapita baadaye".

Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo, na mimba yake ya kwanza ilimsumbua. Madaktari wakampangia upasuaji wa kujifungua, Jumanne.

"Mama, siingii mle ndani bila wewe kuwa mlangoni," alisema kwenye simu.

Mama akaahidi. Mdogo wake wa kiume, dereva wa lori na mtu wa maneno mengi, akamshughulikia tiketi. Angeondoka Jumamosi, siku tatu kabla.

Safari aliiandaa kama anavyoshona. Pasipoti kwanza, kisha viza, kisha sweta mbili nzito na blanketi la mtoto alilolidarizi mwenyewe. Chanjo ya homa ya manjano aliiacha mwisho. Jirani alimwambia sindano ile huuma mkono siku tatu, naye alikuwa na sare arobaini za shule za kukata, na fundi hachezei mkono kabla kazi haijaisha. Tena akilini mwake sindano ya safari ilikuwa kama kifungo: nguo hushonwa kwanza, kifungo hufuata. Kuuliza si ujinga, lakini hakuuliza.

Jumatatu ya wiki ya safari alikwenda zahanati na mdogo wake. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpima presha na kumwuliza maswali ya fomu.

"Mayai yanakudhuru?"

"Yakivunjika njiani tu."

Muuguzi akacheka, akatoa kichupa kwenye jokofu, akamchoma. Halikuwa jambo la kupigiwa kelele. Kisha akafungua kadi ya njano, akashika kalamu.

"Unaondoka lini, mama?"

"Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Chanjo hii huhesabiwa baada ya siku kumi. Mwili unahitaji muda kujenga kinga. Ukifika kule na kadi ya siku tano, wanaweza kukurudisha na ndege iliyokupeleka."

Mdogo mtu aliruka. "Siku tano tu, dada muuguzi! Anamwendea binti yake anayejifungua. Andika ya wiki iliyopita. Kalamu haina kalenda."

Muuguzi alimpa mgongo. Alimtazama mwenye mkono uliochomwa. "Huyo binti anajifungua lini?"

"Jumanne ijayo."

Feni ya dari ilizunguka. Nje ya mlango mtoto wa mtu alikuwa akilia, akibembelezwa. Muuguzi alisema kwa sauti ya chini, "Si wewe wa kwanza. Niambie tu, niandike ipi?"

Nimewahi kuwasikia watu wakisema uongo mdogo wenye sababu nzuri si uongo. Ni maneno matamu, na kila anayeyasema huwa na sababu nzuri. Bi Alhamisi naye alikuwa nayo, nzuri kuliko nyingi.

"Andika ya leo," alisema.

"Dada, una wazimu?" Mdogo wake alishika kichwa. "Hiyo homa inajua kusoma kadi?"

"Haijui. Ndiyo maana siwezi kuidanganya. Namwendea mtu mwenye kitoto kichanga, wewe. Kosa la kuchelewa ni langu, nisimtwike huyu mama na mhuri wake."

Muuguzi akaandika, akagonga mhuri. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mwanzo.

Njia nzima mdogo mtu alinung'unika, lakini jioni ile ile alihangaika na tiketi mpaka ikasogezwa kwenda Ijumaa ya wiki iliyofuata. Simu ya binti ilikuwa ngumu zaidi.

"Si ungeandikiwa tu, mama? Watu wote wanaandikiwa."

"Nilikosea kuchelewa, mwanangu. Nisamehe kwa hilo."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo."

Binti akakata simu.

Jumanne alikaa dirishani bila kushona. Saa nane mchana mkwe wake alituma ujumbe: mtoto wa kike, wote wazima. Hakukuwa na neno la binti. Bi Alhamisi aliusoma mara nyingi, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akalia, maana kilio kile cha kwanza cha mjukuu alikuwa amejiahidi kukisikia kwa masikio yake.

Ijumaa alipanda ndege. Kesho yake, kule alikoshukia, ofisa aliichukua kadi, akaitazama kama mtu anavyotazama saa, akamrudishia. Hata tarehe sidhani aliiona. Wapo watakaosema basi alijitesa bure. Hao ndio wanaoendesha vizuri pale tu penye askari.

Mkwe alimpokea, akampeleka nyumbani. Binti alikuwa kitandani, amejiegemeza kwenye mito, mtoto kifuani. Hakunyanyuka.

"Leo ana siku nne, mama."

"Najua."

"Nilikuita. Mle ndani nilikuita."

"Najua, mwanangu." Hakujitetea. Alivua sweta, akaenda kunawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akarudi akasimama kando ya kitanda, akingoja.

Binti alimhamishia mtoto upande wa pili wa kifua. Kisha akasogea kidogo, akampisha mahali pa kukaa.