Mkojo wa Nice

Nyie, mshawahi kusikia mtu kaiba mkojo?

Sio wa ng'ombe. Mkojo wa mtu, tena wa mke wa shemeji yake. Kautia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi na kuushusha kutoka kijijini kwetu Akheri mpaka Kijenge, Arusha mjini, ndani ya pochi ya kanisani.

Mwizi mwenyewe ni Pudensiana, mke wa kaka yangu mkubwa, Ephraimu. Mimi ni wifi yake. Haya ya ndani kanisimulia yeye mwenyewe, huku anacheka. Siku zile hakuwa anacheka.

Yote yalianza Nice alipoanza kunenepa.

Nice ni mke wa mdogo wetu, Abdiel. Aliolewa mwembamba, ukimwona unamwonea huruma. Ghafla mashavu yakajaa, tumbo likatoka, miguu ikawa minene.

Mama yetu akapiga kigelegele. "Mimba hiyo! Safari hii nampata Thomasi wangu!"

Thomasi ni marehemu baba. Mama alishasema mjukuu wa kwanza wa kiume ndiye atakayebeba jina lake. Pudensiana alimzalia mabinti wawili wazuri, na mara zote mbili mama alisema "tunashukuru" kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai bila sukari.

Nice mwenyewe aliamini, maana siku zake hazijawahi kueleweka.

Basi akaanza kudekezwa. Mtori wa ndizi na mbavu asubuhi, mtori jioni. Asichote maji. Asiende choo cha nje asije akateleza. Akawekewa ndoo chumbani.

Na wa kumwaga hiyo ndoo ni nani? Pudensiana.

Nawaambia ukweli, roho ilimuuma. Yeye alichuma kahawa tumbo likiwa mdomoni na hakuna aliyempa hata pole. Leo anabeba mikojo ya mtoto aliyekuja juzi!

Wivu ukamfumbua macho. Sisi wote tulikuwa tunasema Nice kapendeza, Pude alikuwa anamchunguza. Akaona kope zinavimba asubuhi. Akaona soksi zikivuliwa zinaacha mtaro mguuni. Akaona mkojo una povu kama maji ya kufulia.

Kwake vyote vilikuwa na maana moja tu: huyu anatuigizia, hana mimba.

Ndiyo akaja na ile chupa.

Pale zahanati ya Kijenge akaomba kipimo cha mimba, kama vile mkojo ni wake. Akaulizwa jina. Hakuwa amejiandaa, akataja lake. Namba ya simu? Simu yake ilikuwa kwa fundi, akatoa ya Ephraimu.

Daktari akamwita. "Mama, mimba hakuna."

Kidogo apige kigelegele humo ndani.

"Ila mkojo wako una protini nyingi mno. Figo zinavujisha. Miguu haivimbi?"

"Haivimbi, daktari. Asante, Mungu akubariki sana!"

Akatoka mbio. Daktari anaita, mwenzake kashavuka barabara. Kichwani anapanga Jumapili, ukoo mzima ukiwa umekaa, atasimama vipi na aseme nini.

Alipofika nyumbani akakuta watu wanalia.

Ephraimu yuko mlangoni, macho mekundu. "Mke wangu, daktari kanipigia. Kwa nini ulinificha unaumwa figo?"

Mama akatoka jikoni na bakuli. "Kaa chini, mwanangu. Usiguse jembe tena."

Mwanangu! Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo na mama.

Alitakiwa aseme palepale. Akafungua mdomo, akautazama mtori, akapokea bakuli.

Na alikula, nyie! Ephraimu akamwosha miguu. Mama akamtandikia kitanda. Ndoo ya Nice ikawa inamwagwa na mama mwenyewe. Pude alijua kabisa mwenye figo mbovu ni nani. Akajiambia atasema kesho. Kesho ilipofika mama alikuwa kachinja kuku.

Huku Nice anazidi kujaa. Akitoka kitandani mpaka mlangoni anahema.

Siku ya Pude kupelekwa hospitali kubwa, Ephraimu akaleta gari hadi uani. Pude akapanda, kajifunika kama mgonjwa kweli. Nice akaja kumuaga, anashika ukuta. Uso umevimba mpaka macho yamebaki mistari.

"Dada Pude, chukua kitenge changu. Wodini kuna baridi. Nitakuombea."

Pude akakishika kile kitenge. Gari lile lilistahili kumbeba Nice, na wa kulijua hilo alikuwa yeye peke yake.

Akashuka.

"Mkojo haukuwa wangu. Ni wa Nice."

"Ulifikaje kwako?" mama akauliza.

"Niliuiba. Nilitaka niwaonyeshe hana mimba."

Mama akamwita mchawi. Ephraimu akainamisha kichwa. Abdiel alitaka kumrukia, tukamshika.

"Nitukaneni baadaye," Pude akasema, analia. "Mpandisheni kwanza!"

Kule hospitali walimpima Nice damu, wakamchoma sindano mgongoni na kutoa kipande kidogo cha figo wakipime. Majibu yalipokuja, daktari bingwa akatuketisha.

"Kinga ya mwili wake imegeuka, inashambulia vichujio vya figo zake yeye mwenyewe. Ni ugonjwa adimu. Mngechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumzia mashine ya kusafisha damu."

Mimba haikuwepo. Yale yote tumboni yalikuwa maji.

Akaanzishiwa dawa za kutuliza hiyo kinga na za kupunguza maji. Chumvi marufuku. Ilichukua muda mrefu, kuna wakati alirudi nyuma tukakata tamaa. Lakini povu lilipungua, miguu ikarudi, na Nice wetu mwembamba akaonekana tena.

Siku ya shukrani kanisani, mama akashika kipaza sauti. "Mungu alinionyesha mapema kwamba mwanangu anaumwa."

Pude alikuwa benchi la nyuma kabisa. Kanikiria mwenyewe: wivu ulimpanda upya, palepale, nyumba ya ibada.

Nice akasimama, akamwomba mama kipaza sauti.

"Samahani, mama. Nyie mnaonipenda mliniangalia mkaona nimenenepa. Dada Pude hakunipenda, ndiye peke yake aliyeona naumwa."

Akamgeukia. "Dada, njoo ukae hapa mbele. Ungenipenda kama hawa, ningeshazikwa."

Kanisa likacheka. Mama hakucheka. Alisogea kwenye benchi, akamwachia Pude nafasi.

Sisemi muwe na wivu. Nasema unayempenda mwangalie vizuri kama unavyomwangalia adui. Akijaa ghafla, kope zikavimba, mkojo ukatoa povu, mpeleke akapime kabla hujaanza kumsifia.